Ngoma ya Babu na Santuri ya Kuba

Kila jioni akitoka kuteka maji, Kasilda alitua ndoo mbele ya duka la Mzee Sadalla, pale Majengo, asikilize gramafoni. Rumba ikilia, vijana walicheza mpaka vumbi likatimka. Hiyo ndiyo ngoma ya watu waliostaarabika, alijiambia. Ngoma ya marehemu babu yake aliiona ya kishamba. Alikwisha kuichana ngozi kwa siri, nyuma ya nyumba, akamfanyia kuku mahali pa kuatamia.

Siku moja Bibi yake alifuatana naye kununua chumvi. Santuri ilipoanza tu, Bibi alisimama ghafla. Akatua kikapu, akapiga makofi, miguu nayo ikafuata mdundo bila kukosea hata kidogo. Kasilda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini hakuna aliyecheka. Vijana walibaki midomo wazi.

"Sadalla, nyie hii ngoma yetu mmeipata wapi?" Bibi aliuliza akihema.

"Yenu? Bibi, hii imetoka Kuba, ng'ambo ya bahari!"

"Huko wanaimba akina nani?"

Mzee Sadalla akainua sindano ya gramafoni. "Wengi ni wajukuu wa watu waliokamatwa huku Afrika, wakauzwa utumwani. Walinyang'anywa kila kitu, hata majina. Ngoma wakabaki nayo."

Bibi akaketi chini, machozi yakimlengalenga. "Kasilda, kimbia ukalete ngoma ya babu yako. Na hawa vijana waisikie."

Kasilda aliwaza kusema imeliwa na panya, ila macho ya Bibi yalimshinda.

"Bibi, mimi... niliichana ngozi. Kuku anaatamia ndani."

"Kuku?" Bibi alirudia, asiamini masikio yake. "Ndani ya ngoma ya mume wangu?"

Kasilda aliangua kilio.

Ilibidi wasubiri vifaranga waanguliwe. Kasilda alikwangua ngozi ya mbuzi hadi viganja vikatoka malengelenge, ndipo Bibi akaiwamba ngoma upya, wakaipeleka dukani.

"Watu husema mwacha mila ni mtumwa," Bibi alisema mbele ya vijana wote. "Wale walifanywa watumwa kwelikweli, na bado hawakuiacha. Wewe, mjukuu wangu, hukufungwa hata kamba, ukaitupia kuku. Lakini ulisema kweli palipokuwa pagumu kusema. Kwa hiyo hii ngoma sasa ni yako. Haya, piga!"