Chumba Kisicho na Mlango

Kila asubuhi Redio alifagia ua huku akitangaza. Alimtangaza jogoo wa jirani, akaitangaza chai inayofurika jikoni, akamtangaza kaka yake anayetafuta soksi ya pili. Ndiyo sababu hakuna aliyemwita kwa jina lake halisi. Mama yake, fundi cherehani, alisema mtoto huyu alizaliwa sentensi ikiwa mdomoni.

Siku ya safari ya magofu aliamka kabla ya jogoo. Mwalimu wa historia alikuwa ameahidi kwamba atakayeyaeleza magofu vizuri kuliko wenzake ndiye atakayezungumza mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Redio aliitaka nafasi ile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Mama yake alikwisha kumkatia kitambaa cha gauni la siku hiyo.

Walipolipita lango la mji wa kale, hata watundu waliacha kusukumana. Kuta nene zilisimama bila paa, na mifereji ya mawe ilipita chini ya nyumba hadi nje ya ukuta. Mtunza magofu, mama mrefu mwenye kofia pana, aliwaambia kwamba mji ule haukujengwa na wageni. Ulijengwa na mababu zao. Redio akanyoosha shingo kwa fahari.

Kila mwanafunzi alieleza sehemu moja. Redio alipewa chumba kidogo kisicho na mlango wala dirisha. Kuhusu chumba hicho, kitabu cha shule kilikuwa na mstari mmoja tu, na mstari mmoja haumtoshi Redio. Akatunga. Alisema mfalme wa mji alimfungia humo mwanawe mkaidi mpaka akafa. Wenzake walimpigia makofi.

Muda si mrefu likaja kundi la shule nyingine. Rafiki yake, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani, akawasimulia habari ile kwa maringo, akamwongezea mfalme simba wawili, kisha akajigamba kwamba mifereji ya mababu bado hupitisha maji hadi nje ya ukuta. Msichana mmoja wa kundi lile akamuuliza mtunza magofu kaburi la mfalme liko wapi. Mtunza akajibu kwamba mji huu haukuwahi kuwa na mfalme. Uliongozwa na baraza.

Msichana yule akacheka. "Kumbe mnatunga. Basi na hiyo mifereji mmeisikia kwa bibi zenu."

Profesa alimgeukia Redio, miwani imemshuka puani. "Dada, simba ni wangu. Lakini mfalme ni wako."

Redio alijua akikiri, nafasi ya kuzungumza imekwenda. Lakini kicheko kile kilimchoma zaidi, kwa kuwa sasa kiliwaangukia waliojenga.

"Mfalme nimemtunga mimi," alisema. "Mifereji ni ya kweli. Njoo uone."

Akaomba ruhusa kwa mtunza, akamimina chupa yake yote ya maji kwenye mfereji. Wengine nao wakamimina za kwao. Msichana yule alikimbia hadi nje ya ukuta, akainama, akangoja. Kisha akapaza sauti kwamba maji yanatoka. Aliporudi hakucheka tena. Aliuliza wajenzi waliwezaje kuupa mfereji mteremko ule.

Njiani kuelekea kwenye basi, Redio alimwambia mwalimu kwamba anajua amejiharibia.

"Umekosea, mwanangu, tena sana," mwalimu alisema. "Wazee wetu hawahitaji kupambwa kwa uongo. Ukiwavisha sifa ya bandia, watu wataitilia shaka hata ile ya haki. Lakini umekiri mbele ya waliokucheka, na wenye moyo huo ni wachache. Siku ya wazazi utazungumza wewe."

Redio alisimama. "Na nikifika kwenye kile chumba, niseme nini?"

"Sema hatujui," mwalimu akajibu. "Kisha inua kichwa, useme tunaendelea kutafuta."