Chunjua za Nasibu na Ganda la Korosho

Kila Alhamisi baada ya alasiri, wavulana wa madrasa yetu hapa Mtawanya hukaa mstari mmoja, bega kwa bega, wakajifunza kupiga dufu. Nasibu ndiye aliyekuwa fundi wao. Tatizo lilikuwa vidole vyake. Vilikuwa vimeota chunjua, vile vinyama vigumu vinavyokwaruza, na madufu yenyewe ni machache, lazima kupokezana.

"Dufu alilolishika huyu mimi silitaki," alisema Sadala, jirani yake mstarini. "Kapiga vyura mawe, sasa anataka kutuambukiza!"

Ustadhi Mtoro alimwonea huruma Nasibu, lakini wenzake wote walikuwa wameshajitenga naye. "Katafute dawa kwanza, mwanangu," alimwambia. "Maulidi ni mwezi ujao. Usipopona, nafasi yako ataichukua mwingine."

Nasibu alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Bibi yake, Mwanabaraka, badala ya kumpoza akamtania, maana bibi na mjukuu ni watani.

"Mume wangu, kwa mkono huo usiniguse! Nitadai talaka."

Utani ule ulimchoma. Akakumbuka kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Kama huunguza ngozi, chunjua zitasalimika vipi? Akajificha nyuma ya jiko, akakamulia ganda bichi juu ya kidole.

Mayowe yake yaliwarusha kuku hadi kwenye paa. Bibi alimkokota mpaka zahanati, na yeye mwenyewe akichechemea.

Nesi Yasmini alikiosha kidole kilichobabuka, akakipaka dawa na kukifunga. "Chunjua haziletwi na vyura," alisema. "Huletwa na virusi vinavyoingia kwenye michubuko. Kucha unakatia nini?"

"Bibi hunikata kwa wembe wake."

Nesi akageuka. "Na mguu wako una nini, Bibi?"

"Mwiba wa zamani tu, mwanangu. Ukivimba naukwangua kwa wembe."

"Wembe upi?"

Bibi akavitazama vidole vya Nasibu. Nesi akamvua kandambili, akatazama unyayo, akashindwa kuzuia kicheko. Kisiginoni palikuwa na chunjua kubwa kuliko zote za Nasibu.

"Kumbe chura ni mke wangu!" alipiga kelele Nasibu, akasahau hata maumivu.

Wembe ulitupwa chooni. Kidole kilipopona, wote wawili walianza kuloweka chunjua zao kwenye maji ya uvuguvugu, kuzipaka dawa ya nesi na kuzifunika kwa plasta. Nesi mwenyewe alimweleza Ustadhi kwamba mtoto akizifunika, hakuna sababu ya kumtenga.

Siku ya Maulidi chunjua zilikuwa zimesinyaa, ingawa hazijaisha. Nasibu alipiga dufu mpaka watu wakasimama, na Sadala akalipokea kutoka mkononi mwake.

Baada ya pilau Bibi aliwaita wavulana wote. "Wajukuu zangu, wembe kila mtu awe na wake. Ukiota kitu mwilini, nenda zahanati, korosho tuziache ziliwe. Na msimcheke mgonjwa. Mimi niliucheka ugonjwa mkononi mwa mwenzangu, kumbe nimeukanyaga mwenyewe."