Nyuso Chini ya Kitambaa

Katika nyumba ile, kazi ya chumba cha mbele ilifanywa kwa sauti ya chini. Mume alikata karatasi. Mke aliketi mbele ya kompyuta, akapanga picha na maneno. Mavyaa, yaani mama yake mume, alikunja kurasa na kuzipiga pasi kwa ukucha wa kidole gumba. Walikuwa wachapaji wa vipeperushi vya mazishi. Mfiwa alileta jina, nao wakampa sura ya mtu wake katika karatasi nzuri.

Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mchapaji, hakupenda kuizima kompyuta yenye nyuso za marehemu. Aliona ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni. Kwa hiyo kila jioni aliiacha ikiwaka, akaifunika yote, kioo na kisanduku chake, kwa kitambaa kizito cheupe. Mavyaa ndiye aliyemwelekeza.

"Marehemu hufunikwa, hafungiwi," alisema bibi huyo, na hapakuwa na wa kumpinga.

Feni ya mashine ilivuma chini ya kitambaa kile kama mtu anayepumua kwa shida. Waliizoea sauti hiyo kama watu wanavyozoea mgonjwa ndani ya nyumba.

Asubuhi moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Feni ikanyamaza. Watatu hao wakaingia chumba cha ndani kunywa chai, mlango wa mbele ukiwa umefungwa. Walipokuwa bado wameshika vikombe, taa ikawaka. Kisha, katika chumba kisicho na mtu, mashine ikaamka yenyewe.

Ti. Ti. Ti.

"Nani yuko huko?" mume aliuliza.

"Sisi sote tuko hapa," Mchapaji alimjibu.

Alikwenda kuangalia. Kitambaa cheupe kilikuwa kikitetemeka polepole, kikipanda na kushuka. Alikifunua. Kioo kilikuwa cheusi tii, na ndani yake hakuona kitu ila uso wake mwenyewe. Alibonyeza kitufe, mashine ikazimika. Alibonyeza tena, ikavuma, ikalia mara tatu, kioo kikabaki na giza lake. Aliendelea kubonyeza hadi kidole kikamuuma. Mwisho alichomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Kabla mkono wake haujafika kwenye kitufe, mashine ikavuma.

Ti. Ti. Ti.

Mchapaji alirudi nyuma akagonga meza ya mumewe.

"Anabisha hodi," alisema mavyaa kutoka mlangoni. "Usimwitikie."

"Nani huyo, mama?"

"Nitajuaje? Humo mmewaweka wengi."

Hapo hapo mlango wa nje ukagongwa. Hakuna aliyesogea. Ukagongwa tena, na mshona viatu wa mtaa wa pili akaingia, maji yakimchuruzika kofiani. Mkewe alikuwa amefariki juzi.

"Hodi mmeisikia?" aliuliza.

"Tumeisikia, mzee wangu. Tuwie radhi," alisema Mchapaji. "Pole sana kwa msiba."

"Nimekwisha kupoa. Nimefuata ile picha. Tunazika kesho."

Mchapaji aliikumbuka. Mwaka uliopita mwanamke yule alikuja kupigwa picha ya kitambulisho. Aliketi, akapigwa, akaondoka, wala hakurudi kuichukua.

"Hakuna nyingine nyumbani?"

"Mke wangu na kamera walikuwa kama paka na maji. Ni hiyo moja tu." Mzee alivua kofia akaikamua. "Nikwambie jambo, mwanangu. Tangu jana nikifumba macho naisikia sauti yake. Sura haiji. Namwita, anakuja mtu mwingine."

Taa ikafifia, ikawaka. Nyuma ya Mchapaji mashine ikalia mara tatu.

"Ni nini hiyo?" aliuliza mshona viatu.

"Si kitu, baba. Ni mvua," alisema mavyaa.

Mchapaji alimwomba mzee arudi alasiri. Alipotoka, chumba kilikuwa baridi. Picha ile haikuwa kwenye karatasi, wala kwenye simu ya mtu yeyote. Ilikuwa ndani ya kisanduku kile, na kisanduku kilikataa kuonyesha kitu.

"Tumwite Bisibisi," alisema mume.

"Yule anayefungua vitu vya watu kama anamenya chungwa?" alisema mavyaa.

"Yeye huyo, mama."

Bisibisi alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, fundi wa redio na kompyuta. Alifika na mkoba wake mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu, kisha usiguse kitu."

"Nitengeneze bila kugusa? Nimekuwa mganga?"

"Mganga angekuwa amekwisha kuondoka na kuku."

Hata mume alicheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Bisibisi aliinama akaisikiliza mashine kama anavyosikilizwa mtoto mwenye kifua.

"Feni inazunguka, kwa hiyo umeme unaingia," alisema. "Kioo chenyewe kina taa pembeni, na waya wake umekaza. Kwa hiyo tatizo liko ndani ya kisanduku. Hebu isikilizeni. Inalia mara ngapi?"

"Mara tatu," alinong'ona Mchapaji.

"Basi inasema. Kompyuta isiyoweza kuonyesha maneno hutoa milio. Kila mtengenezaji ana milio yake. Hii ikilia hivi, inalalamika kwamba kumbukumbu yake haishiki. Umeibonyeza mara nyingi?"

"Nyingi."

"Usirudie. Kuizimazima na kuiwasha kwaweza kuharibu hata kilicho kizima. Ikikataa, simama, sikiliza, tazama waya, kisha uite fundi."

"Na kuamka yenyewe?" aliuliza mavyaa. "Nayo ni kulalamika?"

"Hiyo ni amri iliyowekwa ndani yake, bibi. Imeagizwa kwamba umeme ukirudi, iwake. Amri hiyo huondolewa."

Mavyaa alivuta kiti chake karibu na mlango.

Bisibisi alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe kwa muda mrefu ili umeme uliosalia utoke. Akagusa chuma cha kisanduku. "Mwili wetu nao una chaji. Cheche usiyoiona huua kifaa," alieleza. Kisha akafungua ubavu wa mashine.

Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu, laini, kilichojaa pembe zote na kuning'inia kwenye feni kama nywele za mtu aliyezeeka gizani.

"Mungu wangu," alisema mume. "Ni nini?"

"Ni wewe," alisema Bisibisi. "Ni vumbi la karatasi unazokata. Mashine huvuta hewa ili ipoe. Mmeifunika shuka ikiwaka, ikavuta vumbi na joto lake yenyewe, siku baada ya siku. Hamkuifunika, mliizika hai."

Mchapaji alikitazama kitambaa kilichokuwa bado mkononi mwake, akakiweka chini.

Bisibisi aliishika feni kwa kidole isizunguke, akaondoa vumbi kwa brashi laini. Akachomoa vijiti viwili vyembamba vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, akasugua meno ya vijiti hivyo, yenye rangi ya dhahabu, kwa kifutio safi cha penseli. Akavirudisha, akavikandamiza hadi vikalia tik. Akachomeka waya.

Ti. Ti. Ti.

"Nilisema," alisema mavyaa.

"Subiri, bibi." Alichomoa waya tena, akatoa kijiti kimoja, akauchomeka. Sauti ilikuwa ile ile. Akachomoa tena, akakitoa cha pili, akarudisha cha kwanza, akachomeka. Mashine ikavuma. Walingoja milio mitatu, nayo haikuja. Ukimya huo uliwatisha kuliko milio. Kisha kioo kikapata weupe.

"Kijiti kimoja kimekufa, kimoja kizima. Kitatosha leo," alisema Bisibisi.

Lakini Mchapaji alikuwa ameona jambo jingine. Pembeni mwa kioo palikuwa na tarehe, na tarehe ile ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Siku hiyo mke wa mshona viatu alikuwa hai. Nyuso zote alizozipanga katika chumba kile, hakuna hata moja iliyokuwa imekufa.

"Inadhani ni zamani," alisema.

"Kuna betri ndogo, mfano wa kifungo cha shati, inayoshika saa umeme ukikatika. Imekwisha. Ikiisha, saa hurudi ilikoanzia. Nitaibadilisha." Bisibisi alifuta mikono. "Fungua picha yako."

Mchapaji alifungua. Mke wa mshona viatu alitokea, amekunja uso, ananuna, anatazama moja kwa moja.

Mavyaa aliinuka akaja kusimama nyuma ya Mchapaji, mkaza mwanawe.

"Usiwe na haraka ya kuchapa," alisema Bisibisi. "Kwanza nakala. Picha hukaa kwenye diski, na diski ni kitu kingine mbali na kile kijiti. Leo una bahati, diski ni nzima. Siku diski yenyewe ikifa, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Weka nakala kwenye diski ya nje, na nyingine uiweke nyumba tofauti. Moto hauchagui rafu."

Mume alinuia kwenda kununua diski ya nje kabla mvua haijakatika. Mchapaji alianza kwa flashi ya Bisibisi, akainakili picha ile moja kabla ya jambo lolote.

Tangu siku hiyo desturi ya nyumba ikabadilika. Jioni Mchapaji huzima kompyuta kwa amri yake, si kwa kuchomoa waya. Huiacha ipoe. Mume amehamishia ukataji wa karatasi upande wa dirisha, na kila mwezi mashine hupanguswa vumbi. Mavyaa ndiye mkali kuliko wote. "Nakala umeweka?" huuliza, na asipojibiwa haraka huuliza tena kwa sauti ya darasani.

Alasiri ya siku ile mshona viatu alirudi, akakabidhiwa kipeperushi cha kwanza. Alikitazama muda mrefu.

"Amenuna," alisema mwishowe.

"Tuupunguze kidogo huo mkunjo wa uso, mzee? Naweza."

"Usithubutu. Huyo ndiye mwenyewe." Alifumba macho, akangoja, akayafumbua. "Amekuja," alisema.

Alikunja karatasi akaitia ndani ya shati ili isilowe. Alifika mlangoni, akageuka, akavua kofia yake iliyolowa.

"Nipige na mimi," alisema. "Na yangu uiweke mahali pawili."

Mchapaji alimkalisha, akampiga, akainakili picha hiyo kabla mzee hajavaa kofia.