Komeo la Usiku wa Tisa

Tuliingia mji wa bandari wa Buenaventura jua likizama, mvua inanyesha kama ilivyozoea. Tulitoka nyumbani Cali na kifurushi cha mikate ya jibini: mimi, mume wangu Arnobio, na binti yetu Yaira wa miaka sita. Mjomba Saturnino alikuwa amefariki, na tulikwenda kukesha na mjane wake, Anti Nereida, usiku wa tisa wa matanga.

Nyumba yao imesimama juu ya nguzo, maji ya bahari yanapita chini ya sakafu. Anti alinikumbatia mlangoni.

"Deyanira, umekonda hivyo! Angekuwepo mjomba wako angekuita Kidagaa."

Jina hilo aliniita yeye peke yake. Nililia palepale.

Tuliimba mbele ya madhabahu ya marehemu hadi karibu na mapambazuko. Kwetu, roho hukaa nyumbani siku tisa. Mwishoni mishumaa huzimwa, madhabahu huvunjwa, na watu hujipanga pande mbili, njia ikabaki nyeupe hadi mlangoni. Mlango huachwa wazi ili marehemu apite, aende zake.

Mishumaa ikazimwa. Kitu baridi kikanipita begani, kinanuka tumbaku na pombe ya miwa...

Mjomba.

Kisha, gizani, nikasikia komeo.

Klak.

Taa ilipowashwa mlango ulikuwa wazi tena. Waimbaji wakaaga, wakaenda zao. Nikajiambia ni upepo. Moyo haukukubali.

Kulipokucha tulishika mizigo. Mlango haukufunguka.

"Umevimba kwa mvua," Arnobio akacheka, akaupiga bega. "Umenishinda unene."

Alipiga mara ya pili hacheki.

Nyuma yetu mbao zikalia. Kwi... kwi... Kitu kilikuwa kinazunguka chumba, ukuta hadi ukuta, kinatafuta pa kutokea. Harufu ya tumbaku ikajaa hadi macho yakawasha. Yaira akashika koo.

"Mama, kuna mtu ananisukuma kifuani."

Nikamgeukia Anti. Alikuwa amekaa kitini, ametulia, mikono mapajani.

"Anti," nikanong'ona, "ulifunga mlango?"

"Miaka arobaini nimelala naye, mwanangu. Aende wapi na mvua hii?"

"Fungua! Mtoto anakufa!"

"Mlango anaushikilia yeye sasa. Amenikasirikia."

Midomo ya Yaira ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Sijawahi kuogopa vile. Kulikuwa na kidirisha kimoja upande wa maji, kinachopitisha mtoto tu. Arnobio akatoa kichwa, akamwita jirani aliyekuwa akipita na mtumbwi.

"Kaka, mdake binti yangu! Nakusihi!"

Anti akaruka kutoka kitini. "Msimpitishe hapo! Deyanira, si hapo!"

Nilidhani ni wazimu wa kilio. Nikamsukuma. Tukampitisha Yaira dirishani, miguu kwanza. Alipotoka kichwa, chumba kizima kilishusha pumzi. Harufu ikakatika. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Chini, kwenye mtumbwi, Yaira alikuwa akipumua vizuri. Arnobio alicheka huku machozi yanamtoka. Anti alikuwa amepiga magoti chini ya kidirisha, akilia kuliko siku ya mazishi.

"Mmemchukua," alisema. "Mmeondoka naye."

Tulimchukua Yaira mtumbwini, tukakimbilia basi.

Mtoto alilala njia nzima. Tulipofika Cali nilimbeba hadi kitandani, nikamvua viatu. Alifungua macho, akaniangalia kwa huruma ya mtu mzima.

"Umechoka, Kidagaa," akasema.

Nikajipa moyo kwamba alimsikia Anti akilitaja. Watoto hushika maneno. Lakini nywele zake zilinuka tumbaku, na zinanuka hadi leo, nimeziosha kwa sabuni zote za dukani. Padri alikuja na maji ya baraka, akaondoka bila kunitazama usoni.

Anti Nereida hunipigia simu kila jioni. Haulizi hali yangu.

"Mpe simu mume wangu," ananong'ona.

Mara ya kwanza nilitaka kumkatia. Ila Yaira alikuwa ameshasimama nyuma yangu, amenyoosha mkono.