Mkalimani wa Mama Dorothée

Kila asubuhi Spès aliamshwa na kinu. Mama yake, Dorothée, alianza kutwanga mpunga wa majirani mara tu muda wa kukatazwa kutoka nje usiku ulipokwisha, na kila mchi ulipotua kitanda kilitikisika. Spès aliamka, akanawa uso, akashika mchi wa pili, wakatwanga kwa zamu mpaka saa ya shule. Mikono ya mama ilikuwa imeota sugu, na siku hizo hakuwa msemaji tena. Uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye sauti.

Kilichouma zaidi ni kwamba mashine ya kukoboa mpunga ilikuwapo, palepale nyuma ya nyumba yao ya Buterere, pembezoni mwa jiji la Bujumbura, imefunikwa turubai. Mama aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, baada ya kuuza sehemu kubwa ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ilikoboa kwa majuma machache, ikanguruma vibaya, ikanyamaza. Mama alisema ameuziwa mashine mbovu. Mfanyabiashara huyo, Twalibu, alituma jibu kwamba mashine ilitoka kwake ikiwa nzima. Mama alikuwa ameshamwambia Spès waziwazi: mashine isipotengenezwa, huu ndio muhula wake wa mwisho shuleni, maana kinu kinataka watu wawili kutwa nzima.

Basi kesi ikapelekwa mahakamani, mjini. Mama alitoka Buterere kwa miguu, akapita kizuizi cha askari, akaketi kwenye benchi, akaambiwa kesi imeahirishwa. Wito wa mahakama ulipaswa kuvuka mpaka na kumfikia Twalibu kwa kupitia serikali mbili, kisha jibu lirudi kwa njia hiyohiyo, na nchi ilikuwa vitani. Akaahirishiwa tena, na tena. Mwishowe karani mmoja, mtu mpole, akamweleza bila kumficha: hata akishinda, hukumu ya Bujumbura haiwezi kumkamata mtu wa Kigoma mpaka mahakama ya kule nayo iikubali. Siku hiyo mama alirudi akalala bila kula.

Kumbe Twalibu naye alikuwa amechoka. Vikwazo vya biashara ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi vilikuwa vimeondolewa, mizigo yake ilikuwa imeanza tena kushuka bandarini Bujumbura, na hakupenda kila anaposhuka aitwe mtu mwenye kesi. Akatuma ujumbe: tukae chini nje ya mahakama, mbele ya mtu asiye wa kwako wala wa kwangu. Wakakubaliana juu ya Mama Mwanasiti, mwenyeji wa Uvira, upande wa Kongo, aliyeuza vitenge mtaa wa Bwiza, mjini Bujumbura. Wafanyabiashara wa ziwani walimwamini kwa sababu hakuwa Mrundi wala Mtanzania, na pia kwa sababu hakujua kumpaka mtu mafuta. Miguu ilimuuma, akawa na hasira za karibu, na mteja akiingia dukani alipimiwa kitenge kwanza hata kama kesi imefika patamu.

Tatizo likabaki lugha. Mama Dorothée alijua Kirundi tu. Twalibu alijua Kiswahili tu. Mama Mwanasiti alikuwa na Kirundi cha salamu na cha bei, basi. Lakini Spès, risasi zilipokuwa zikisikika karibu mno na Buterere, aliwahi kupelekwa Bwiza kwa shangazi yake, akacheza na binti wa jirani aitwaye Soumaya, akarudi nyumbani Kiswahili kimemjaa mdomoni. Kwa hiyo siku ya kikao alivaa sare yake ya shule iliyofuliwa, akaongozana na mama yake.

Walikaa chumba cha nyuma ya duka, katikati ya marobota ya vitenge. Twalibu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, na aliwasalimu kwa heshima. Mama Mwanasiti akanyoosha miguu yake juu ya kigoda, akamgeukia Spès kwa Kiswahili chake cha Uvira, ambamo "ndiyo" na "ndiye" huwa "njo".

"Mutoto, leo we njo mudomo ya mama yako. Kile anasema, useme. Usipunguze, usiongeze. Ukichoka, sema umechoka, tutangoja."

Spès akaitikia. Twalibu akasema mashine ilijaribiwa mbele ya macho yake kabla ya kupakiwa melini. Mama akajibu kwamba tangu siku ya kwanza ilikuwa ikilia kama chuma kinachosagwa. Spès alivusha maneno huku na kule vizuri, hata akaanza kujiona mtu mkubwa. Ndipo Mama Mwanasiti akauliza swali ambalo mahakamani lilikuwa halijafikiwa.

"Na kule Buterere, ile mashini haikupata kitu? Haikuanguka, haikuingia maji?"

Spès akalitafsiri. Mama akatazama viganja vyake. Kisha akaeleza kwa Kirundi, polepole, kwamba usiku mmoja risasi zililia, wakakimbilia kanisani wakaiacha mashine nje. Mvua ikanyesha, na Buterere ni bondeni, maji ya mashamba ya mpunga yakapanda. Waliporudi walikuta injini imesimama majini. Aliikausha kwa matambara, ikafanya kazi siku chache, ikafa. "Niliogopa kulisema hilo," akamaliza, "lakini ameniuliza."

Watu wote wakamtazama Spès. Naye akakiona kinu. Akaiona sare yake ikitundikwa ukutani na isivaliwe tena. Akafikiri kwamba chumbani mle hakuna mwingine aliyeelewa alichosema mama, na ilikuwa kweli.

"Mama anasema apana," alisema. "Haikupata kitu."

Maneno marefu namna ile yalikuwa yamezaa jibu fupi mno, na Mama Mwanasiti akakunja uso. Lakini mteja aliita dukani, akainuka kwa kuguna, na aliporudi alikuwa amelisahau. Akamwangalia Dorothée, akamwona ameketi wima, hana hofu, macho hayakimbii. Alikuwa na sura ya mtu aliyesema kweli, maana kweli alikuwa ameisema. Mama Mwanasiti akaamua: Twalibu alete injini nyingine kwa gharama yake, na Dorothée aiondoe kesi mahakamani. Twalibu akakohoa, akasema hana nguvu ya kubishana tena, ataileta.

Spès alipomweleza mama uamuzi, mama alishika mdomo. Halafu machozi yakamtoka, machozi ya mtu aliyekuwa hajalia kwa muda mrefu.

"Mwambie mzee huyu," alisema, "kwamba nimemwambia habari ya maji na bado amenisaidia. Tangu vita vianze sijaona moyo kama huo."

"Anasema asante," Spès akamwambia Twalibu.

Mama hakuishia hapo. Alifungua kanga aliyobebea mchele wa sikukuu, ule mweupe alioutwanga na kuupepeta mwenyewe, akampa Twalibu kwa mikono miwili huku amepiga goti. Twalibu aliupokea akishangaa. Alimwambia Mama Mwanasiti kwamba ameshindwa kesi nyingi maishani, ila hajawahi kushukuriwa hivi na aliyemshinda. Spès alitamani marobota yamwangukie.

Walirudi kwa miguu. Mama, ambaye kwa miezi hakuzungumza njiani, sasa alizungumza. Alisema alikuwa amewachukia watu wa ng'ambo bure. Alisema atawasimulia majirani wote, na kwamba Spès akue akijua kuwa bado kuna watu wanaoambiwa ukweli wakausamehe. Kila sentensi ilimchoma Spès mahali palepale. Kizuizi cha askari kilipoonekana mbele, na watu wamepanga foleni ya kukaguliwa, hakuweza tena. Alisimama kando ya barabara akasema yote, akilia, na kila neno alilolikata akalirudisha.

Mama hakumpiga. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye jiwe, akavua ndala, akasugua nyayo zake zilizovimba, akatazama njia ya kwenda nyumbani ambayo ilikuwa imebaki fupi. Uso wake ulirudi kuwa ule wa asubuhi za kutwanga.

"Umenifanya mwongo, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui," alisema. "Nimempigia goti mtu tuliyemwibia."

Kisha akavaa ndala zake, akainuka, akaanza kutembea kurudi Bwiza.

Walimkuta Mama Mwanasiti anafunga duka, na Twalibu bado yupo, anakunywa chai kabla ya kwenda bandarini. Spès alisimama mbele yao. Alisema kwamba mama yake alieleza habari ya maji tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye aliyeificha kwa sababu aliogopa kuacha shule. Mama Mwanasiti alimkazia macho. Spès alingoja afukuzwe. Badala yake mama yule alivuta kigoda, akaweka miguu.

"Kaa," alisema. "Tunaanza tena. Na we njo utasema tena, mi sina mwingine."

Wakaanza tena. Safari hii Spès alivusha kila kitu: risasi, kanisa, maji, matambara, hata ile "niliogopa kulisema". Katikati akaomba maji, akaendelea. Alipomaliza, Twalibu aliweka kikombe chini na kukaa bila kukohoa.

"Mama huyu amerudi kwa miguu kuja kujishitaki," alisema. "Basi na mimi niseme. Beringi ya mashine ile ilikuwa imechakaa. Nililijua hilo nilipoiuza, nikasema itavumilia. Sauti aliyoisikia siku ya kwanza haikuwa ya uongo."

Spès akamtafsiria mama, na mama akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Uamuzi wa pili ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Twalibu atanunua beringi mpya na kumlipa fundi wa Bwiza aitwaye Shakuru. Uharibifu wa maji ni wa Dorothée, naye atamlipa fundi kwa mpunga wakati wa mavuno. Kesi iondolewe mahakamani. Twalibu alitaka kuurudisha mchele, mama akakataa, akasema kilichotolewa kimetolewa.

Kabla hawajaondoka, Mama Mwanasiti alimwita Spès pembeni.

"Kule tribinali kuko polisi, kuko muhuri, kuko sheria ya inchi mbili," alisema. "Hapa kwangu hakuna. Mutu anatoka Kigoma, mwingine Buterere, mi natoka Uvira. Kitu tunakuwa nacho ni maneno tu. Ukiiba neno moja, umetuibia wote watatu, na mama yako njo umemwibia zaidi. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Basi. Enda ulale, umechoka. Na mi nimechoka."

Jioni ilikuwa imeshaingia, na njia ya Buterere haikupitika tena saa zile, kwa hiyo walilala kwa shangazi. Walipojilaza kwenye mkeka mama alivuta kanga ile tupu, akamfunika Spès kwanza, ndipo akajifunika kipande kilichobaki.

Fundi Shakuru alikuja na beringi, akaifungua injini, akalalamika juu ya kutu, akaifunga. Ilichukua muda, na mavuno yale walikula wali kidogo kuliko miaka mingine, kwa sababu deni ni deni. Asubuhi moja Spès aliamka jua likiwa limeshapanda, akaruka kitandani akidhani mama anaumwa, maana hakuwa amesikia kinu. Nje aliwakuta wanawake wamepanga foleni na vikapu vya mpunga, na mama amesimama kando ya mashine inayonguruma, vumbi la pumba limemjaa kichwani.

"Nenda," mama alimwambia. "Umechelewa shule."