Walinzi Watatu wa Mashine ya Oga

"Mgeni anaingia," Madam Bassey alisema kupitia kidude kilichofichwa sikioni. "Malori manne. Yanaondoka saa sita kamili."

Preye Alabo hakuinua kichwa. Casio ya mkononi mwake ilionyesha saa tano na dakika arobaini na sita.

Katika soko la kompyuta la Ikeja walimjua kama fundi. Idara ya ujasusi ya Madam Bassey ilimjua kama Kumi na Tisa.

Mgeni, Kalu, mtu wa mkono wa bosi aliyeitwa Oga, aliketi mbele yake. Shingo nene, bastola ya Glock kiunoni. Akasukuma kompyuta mezani.

"Weka programu ya kuchapa. Dakika kumi, niondoke. Oga anangoja."

Ndani ya programu ile Preye alimficha Kupe, programu ya kijasusi. Kupe akishajipachika kwenye mashine ya Oga, angetuma njia za malori yote. Yalibeba dawa bandia ya malaria ya watoto.

Watoto kumi na mmoja walishazikwa.

Akachomeka flashi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Asilimia tatu.

Nne.

Dakika tano zikapita. Asilimia kumi na moja.

"Kuna nini?" Bassey aliuliza.

Preye alikohoa mara moja. Maana yake: subiri.

Akakagua mashine, akaona. Programu tatu za kuzuia virusi, zote zinafanya kazi kwa pamoja.

"Bros, nani aliweka hizi tatu?"

"Oga. Hata getini kwake kuna walinzi watatu."

"Sawa. Ila hapa kila faili linapekuliwa na wa kwanza, na wa pili, halafu wa tatu anampekua wa pili. Agiza chakula kabisa, eba ya mchana na ya jioni."

Kalu hakucheka. "Watoe."

"Wanataka neno la siri. Na Oga akiuliza?"

"Unanifundisha kazi?"

Kalu akavuta mashine, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

Walinzi wakatoka mmoja mmoja.

Asilimia arobaini. Sabini na nane. Mia.

Sekunde hamsini tu.

"Ona inavyokimbia," Kalu alisema. "Ungesema mapema."

"Kweli," Preye alisema. "Ningesema mapema."

"Tumepata njia zote," Bassey alisema. "Matatu yamezuiwa ghalani. La nne liliondoka kabla ya saa yake, dakika sita zilizopita."

Kalu alitoka na kompyuta kwapani. Wauza chaja wawili wakaweka trei zao chini, wakamkamata mikono. Glock haikutoka kiunoni.

"Fundi, wewe ni nani?"

"Wale walinzi wangekwambia. Umewafukuza mwenyewe."

Dakika ishirini baadaye Bassey alirudi hewani. Sauti yake ilikuwa kavu.

"La nne limekamatwa Ojota. Lilishashusha boksi moja duka la dawa. Chupa ishirini na nne."

"Mmezichukua?"

"Ishirini na tatu."

Preye alitia flashi mfukoni, akafunga kibanda. Hakuharakisha mikono. Akavaa kofia ya pikipiki.

"Nani kanunua?"

"Mama mmoja. Kamfunga mtoto mgongoni."

"Nipe jina la mtaa," Preye alisema, akawasha pikipiki yake ya Bajaj.