Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Mkanda wa kiti cha kushoto ulikutwa umefungwa tena. Sulaiman aliufungua jioni kwa mkono wake, akafunga gari, akalala na ufunguo chini ya mto. Asubuhi mkanda umefungwa, umekumbatia hewa tupu, na ndani kunanuka udongo uliolowa ilhali Busia haijaona mvua tangu mwezi uanze.

Msinicheke. Bingwa huyu wa mbio za magari, mzee mnayemshangilia kila akipita Busitema na vumbi lake, alikuwa mfungwa. Alitaka kustaafu. Lakini kila akilitamka neno hilo kwenye usukani, mkanda wake ulimkaza kifua mpaka aape kwamba ataendelea. Wasoma njia wake, wale wanaokaa kushoto kumwambia dereva kona inakunjia wapi, walikimbia wote. Jamil, wa mwisho, alisema kuna mtu alikuwa amempakata. Sasa Munirah, binti wa Sulaiman, amejitolea: Jumapili kiti hicho ni chake. Hapo ndipo Sulaiman aliposhindwa kula.

Akaenda kwa Shehe Ibra, akafunguka. Zamani, akijifunza njia ya mashindano kule Kwapa, alimkuta bibi kizee kando ya barabara, akamwonea huruma, akampakia. Akamwambia kama tulivyolelewa sote: karibu mama, hapa ni kwako. Kufika Kisoko, kiti kitupu na mkanda umefungwa. Tangu siku hiyo hajawahi kushindwa.

Shehe hakusoma dua yoyote. Alimtazama tu kwa huruma.

"Huyu hakuvamia, Mzee Sule," alinong'ona. "Ulimkaribisha. Na mgeni hafukuzwi."

"Nifanyeje basi?"

"Msindikize. Agana naye vizuri, pale pale ulipomtoa."

Alasiri ile ile akaelekea Kwapa, polepole, vioo vimejaa ukungu wa pumzi isiyo yake, na kila alipotaka kugeuza shingo alihisi kitambaa kibichi kikimgusa bega, na ile harufu ya udongo ikamjaa kooni mpaka akawa anameza mate machungu huku akimwomba Mungu, akilia, bila kuthubutu kufumba macho, kwa sababu usukani ulikuwa unageuka kabla mikono yake haijaugeuza. Akasimama pale pale alipompakia zamani. Akafungua mlango wa kushoto, akatembea kidogo kwa miguu, ndivyo mgeni anavyosindikizwa huku kwetu, tena wengine husindikizana kwenda na kurudi mpaka jua lizame.

"Kwaheri, mama," akasema. "Asante kwa yote."

Nyuma yake mkanda ukafunguka.

Wakati wa kurudi gari lilikuwa jepesi. Akajaribu kwa sauti: "Nimestaafu." Kifua hakikubanwa. Alilia kwa furaha njia nzima, mzee mzima, bila haya.

Munirah alimpokea getini na sinia la chai. Vikombe vilikuwa vitatu.

"Baba, mbona ulimwacha mama wa watu njiani? Amefika kabla yako. Anasema umemsindikiza vizuri, naye akaona si adabu urudi peke yako."

Sulaiman akachungulia nyuma ya binti yake. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na humo ndani kulinuka udongo uliolowa.

"Ameniuliza kama Jumapili tutakaa naye kwenye gari," Munirah akaendelea, anatabasamu, binti aliyelelewa vizuri. "Nimemwambia, karibu mama, hapa ni kwako."